Limbuko la Gari la Baba

Wiki iliyopita nilirudi kutoka safari ya siku kumi nikakuta gari langu limelala kwenye maegesho, limefunikwa majani na kinyesi cha ndege. Nikaingia, nikafunga madirisha kwa sababu ya joto, nikawasha feni. Kabla ya baridi ikatangulia harufu: majani makavu, vumbi la ghalani, na kwa mbali mkojo wa panya. Mtu mwenye akili zake angezima injini akampigia fundi simu. Mimi nilifumba macho, nikavuta pumzi ndefu, kisha nikacheka peke yangu hadi mlinzi wa geti akaja kuchungulia kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa. Ningeanzaje kumweleza kwamba nimemkumbuka bibi yangu?

Wenzangu wa rika langu mtanielewa nikisema tulikua wakati ambapo gari lenye AC lilikuwa habari ya mjini. Garsen yetu ilikuwa na joto hili hili la leo, tofauti ni kwamba hatukuwa na pa kulikimbia. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Alipopata gari kuukuu kutoka kwa mtumishi mmoja wa serikali aliyehamishwa, majirani hawakuja kuliangalia, walikuja kukaa ndani. Walikaa wanne wanne, madirisha yamefungwa, wametazama mbele kama watu walio kanisani, kisha wakashuka wamepoa, wakashukuru na kwenda zao. Mama, ambaye alikuwa muuguzi wa zahanati, alilalamika kwamba siku hizi wageni hawaingii tena nyumbani, soga zote zinapigwa garini.

Lilikuwa jeupe, refu kwa nyuma, na kwenye dashibodi lilikuwa na vifungo viwili vya kuzungusha. Kimoja kilikuwa na rangi ya buluu upande huu na nyekundu upande ule. Nyekundu hatukuigusa hata siku moja. Baba alisema hiyo ni hita, ya watu wa baridi kule Limuru, nami nikakua nikiamini kwamba watu wa Limuru hutembea na jiko linalowaka ndani ya gari. Kifungo cha pili kilikuwa na namba, moja hadi nne, za kuongeza nguvu ya upepo. Mimi nilipenda ya nne, kwa sababu ilinipeperusha nywele na kumfanya Mama ashike leso yake.

Nilikuwa na miaka minane, na tayari nilikuwa nimegundua jambo ambalo watu wazima wote hawakulijua: gari lile lilikuwa linapumua. Hewa haiwezi kutoka mahali bila kuingia mahali, hilo Baba mwenyewe alitufundisha darasani. Nikazunguka gari kutafuta linavutia wapi, na nikapapata. Chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala, palikuwa na matundu membamba yamejipanga kama meno ya kitana. Siku moja feni ikiwa imewashwa niliona kapi la mpunga linatambaa lenyewe juu ya bati, likafika kwenye yale matundu, likamezwa. Kapi moja tu, lakini kwangu lilitosha. Pale palikuwa mdomoni.

Sasa nimlete Bibi, maana bila yeye hakuna kisa. Alikuwa mama yake Baba, na aliishi Golbanti karibu na mto, yeye na kuku wake na shamba la mpunga ng'ambo ya pili. Aliniita mke mwenzangu, utani wa mabibi wote kwa wajukuu wao wa kike, na tuligombana sana juu ya Babu, mimi na yeye, ingawa Babu alifariki kabla sijazaliwa. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili. Mwaka ule alikuwa anatutambua kwa mwendo na kwa kikohozi. Akitaka kunijua vizuri alinishika uso kwa viganja vyote viwili, akanipapasa pua na masikio, akasema nimezidi kuwa mbaya, ndiyo maana Babu alimpenda yeye.

Daktari wa macho alikuwa anafika Malindi mara mbili kwa mwaka, na Mama alikuwa amehangaika hadi akampatia Bibi tarehe. Tatizo halikuwa tarehe wala daktari. Bibi alikuwa na pumu, na adui yake mkubwa alikuwa vumbi. Kutoka Golbanti hadi kufika lami kulikuwa na barabara ya udongo ambayo wakati wa kiangazi ilitimka vumbi kama unga. Mara ya kwanza walimpandisha basi, na kabla ya lami kifua kikambana, wakamrudisha nyumbani midomo imebadilika rangi. Mara ya pili alijifungia chumbani, akasema kupitia mlangoni kwamba ni heri awe kipofu anayepumua. Kisha likaja gari la Baba, lenye madirisha ya kufungwa na baridi yake. Baba alimpakia, akamzungusha kijijini mara moja. Bibi alipapasa tundu la upepo kwa vidole, halafu akasema, "Hili nitapanda." Siku hiyo Mama alilia kwa furaha jikoni akasingizia vitunguu.

Kwa hiyo macho ya Bibi yalikuwa yanategemea feni ya gari. Nililijua hilo vizuri, maana nyumbani lilisemwa kila siku.

Tukavuna. Zamani magunia ya Bibi yalivushwa kwa mtumbwi, kisha yakabebwa kichwani hadi nyumbani. Mwaka ule yalivushwa kwa mtumbwi, halafu gari la Baba likayapokea ukingoni na kuyafikisha hadi mlangoni, safari tatu, huku nyuma kumejaa mabua na makapi. Na kwa Bibi kulikuwa na sheria yake: gunia halifungwi, wala mwenye nyumba hakai kula, kabla kila aliyetia mkono hajaonja limbuko. Alitwanga mpunga mpya, akapika, akatugawia tonge moja moja tuliosimama uani, wavunaji, wapepetaji, sisi watoto tuliofukuza ndege kutoka juu ya dungu, hata jirani aliyeazima ungo. Mwisho kabisa alichukua mpunga mbichi kidogo kwenye kiganja, akashuka hadi mtoni huku nimemshika mkono, akainama akapapasa mtumbwi hadi akafika kichwani pake, akaudondosha ndani. "Naye amebeba," alisema, kama kila mwaka.

Nilisubiri aulizie gari. Hakuuliza. Tukapanda ukingo kurudi nyumbani, na gari likabaki limesimama pale juani, safari tatu limebeba, na hakuna aliyelipa hata punje. Niwaambie ukweli, nililionea huruma sana. Nikadhani Bibi hakulitaja kwa sababu hakuliona. Nikasema moyoni kwamba basi mimi ndiye nitakayekuwa macho yake. Nikajaza mpunga kwenye viganja vyangu, nikapanda juu ya bampa, nikaumimina kwenye yale matundu chini ya waipa. Ulianguka ndani kwa sauti nzuri ya mvua ndogo. Nikarudi mara ya pili, kwa sababu mtumbwi ulivuka tu mto na gari limekuja mbali zaidi. "Nawe umebeba," nikaliambia.

Siku chache baadaye, tukiwa tumerudi Garsen, dashibodi ilianza kulia. Mwanzoni ilikuwa kwikwi ndogo, kisha ikawa kama mtu anayekwangua sufuria. Upepo ukapungua. Baba akapiga dashibodi kofi, ukarudi, ukapungua tena. Mimi nilielewa mara moja: limevimbiwa. Nilikuwa nimelilisha mpunga mbichi, na maganda yake, badala ya wali. Hata mimi tumbo lingeniuma.

Lakini nilikuwa mtoto wa muuguzi, na nyumbani kwetu ugonjwa wowote wa tumbo ulikuwa na dawa moja, maji yenye chumvi na sukari. Nikachanganya kwa kipimo alichonifundisha Mama, nikaonja kama hayazidi chumvi ya machozi, nikalinywesha gari kikombe kizima. Kesho yake asubuhi nikaongeza kingine. Jioni yake Baba aliwasha feni, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Akazungusha moja, mbili, tatu, nne. Kimya. Tulipoingia ndani Mama alimtazama Baba, na Baba akaitazama kalenda ya ukutani ambayo Jumatatu ya Bibi ilikuwa imezungushiwa kalamu nyekundu. Mimi nilikwenda kulala bila kula, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Kijana wa kituo cha mafuta alisema ni gesi imekwisha, na kwamba yeye ana mtungi. Alijaza gesi kwa kujiamini sana. Baba akawasha, na hakuna kilichotoka. Kijana akasema ipewe muda. Tuliipa siku tatu. Ijumaa Baba alirudi kutoka shuleni bila hata kufuta chaki mikononi, akasema kesho analipeleka kwa Fundi Komora, na huyo akishindwa, Bibi ataambiwa hakuna safari.

Fundi Komora alikuwa mtu mnene, mpole, na mwendo wake ulimkera kila mwenye haraka. Karakana yake ilikuwa banda la mabati kando ya barabara, lenye jiko la chai ambalo halikuzimwa. Baba, kwa desturi ya walimu, alifika na jibu tayari. Alieleza gesi, alieleza kompresa inayoisukuma, alichora hata mchoro kwa fimbo mchangani. Fundi alimsikiliza hadi mwisho huku anapuliza chai, kisha akauliza swali moja.

"Mwalimu, upepo unakuja bila baridi, au haukuji kabisa?"

"Haukuji kabisa."

"Basi hii gari haina shida ya gesi. Gesi ni ya baridi. Upepo ni wa feni. Hayo ni maneno mawili."

Nilimwona Baba akifuta mchoro wake kwa kiatu, polepole, kama mtu anayenyoosha mguu.

Fundi alifungua kijisanduku cha fyuzi, akachomoa moja, akainua juani. Uzi wa ndani ulikuwa umekatika. Baba akapumua kwa nguvu, akasema kumbe ni fyuzi tu. Fundi akaweka mpya, akazungusha kifungo, ikakatika palepale. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, jambo ambalo lilimshangaza Baba. Akaeleza kwamba fyuzi ikikufia mara mbili imekwambia kitu: feni inataka kuzunguka na kuna kilichoishika. Kama ingekuwa umeme haufiki, fyuzi ingebaki nzima. Nimekuja kufanya kazi na watu wengi waliosoma sana tangu siku ile, na ni wachache ninaowajua wanaofikiri kwa utaratibu kama Fundi Komora akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Halafu akafanya jambo lililonikausha mate. Alisogea mbele ya gari, akainama juu ya bati, akatulia. Kulikuwa na mstari wa sisimizi. Walipanda kwenye gurudumu, wakafuata ukingo wa bati, wakapita chini ya waipa, wakaingia kwenye yale matundu yangu, na wengine walikuwa wakitoka. Fundi alipangusa kwa kidole, akaonja kwa ncha ya ulimi. Aligeuka akatuangalia sisi wawili, Baba kwanza, kisha mimi. Macho yake yalikaa kwangu kidogo kuliko nilivyopenda. Akaweka kikombe chini, akaomba bisibisi.

Kazi yenyewe ilikuwa chini ya dashibodi upande wa abiria, na Fundi Komora hakuwa na umbo la mahali pale. Alifungua kidroo cha karatasi akakitoa chote, kisha akajilaza chali sakafuni mwa gari, miguu imetoka nje ya mlango, kichwa kimepotea ndani, tumbo limebaki katikati kama mlima. Tulisikia sauti yake ikitoka gizani, inahesabu skrubu. Ya kwanza. Ya pili. Akaguna. Ya tatu. Feni ikashuka yote kwa mkupuo, na nayo ikashuka nyumba nzima ya panya, juu ya kifua chake.

Panya mwenyewe alikuwepo nyumbani. Alimkimbilia Fundi kifuani, akapita tumboni, akashuka kwenye goti na kuruka nje, na Fundi, aliyekuwa amebana pale chini, hakuweza kufanya lolote zaidi ya kumsubiri apite. Baba alirudi nyuma hatua tatu kubwa ambazo baadaye alizikana. Kicheko cha Fundi kilianza polepole ndani ya dashibodi, na gari lote likatikisika.

Tulipotandaza ile nyumba ya panya kwenye gunia, ilikuwa kama maonyesho ya maisha yetu. Kulikuwa na mabua ya mpunga, sponji ya kiti, kipande cha bandeji ya Mama, na nusu ya karatasi ya hesabu yenye mwandiko wangu. Ile karatasi nilikuwa nimeadhibiwa kwa ajili yake. Nilimwambia Baba mbele ya darasa zima kwamba imeliwa na panya, na Baba akaniambia nitafute uongo mpya. Sasa aliiokota, akaisoma pande zote mbili, akaikunja vizuri na kuitia mfuko wa shati. "Hesabu ya tatu umekosa," alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa namna ya Baba kuomba radhi, na mimi niliipokea.

Furaha yangu haikudumu, maana chini ya mabua kulikuwa na mpunga. Si punje mbili tatu, ulikuwa rundo, mwingine mzima na mwingine maganda, umegandamana na kitu chenye kunata. Baba alishangaa panya mmoja amebebaje mpunga wote ule. Fundi alikuwa amekaa chini anafuta kifua. Alisema panya hubeba sana, huo ni mkono wake. Halafu, bila kuniangalia, akaongeza kwamba kitu ambacho hajawahi kuona ni panya anayekoroga sukari. Baba hakusikia, alikuwa ameshainama kuangalia feni. Mimi nilisikia. Nilisimama pale nikijua kwamba mimi ndiye niliyemwita panya, na mimi ndiye niliyeziba pumzi ya gari, na kwamba Bibi akifa kipofu itakuwa ni kwa ajili ya ukarimu wangu.

Fundi aliosha feni kwa brashi na petroli. Akaizungusha kwa kidole, ikagoma, akatia tone la mafuta, akazungusha tena. Akaichukua na nyaya mbili hadi kwenye betri, akagusisha. Ilitetemeka, ikasita, ikaanza kuzunguka mkononi mwake kama kitu kilichoamka. Nilipiga makofi peke yangu. Akairudisha ndani, skrubu tatu, fyuzi mpya, akatoka kwa kujiviringisha, na kumwachia Baba heshima ya kuwasha.

Moja. Kimya. Mbili. Kimya. Tatu. Uso wa Baba ukaanza kusawijika. Akazungusha ya nne kwa kukata tamaa tu, na upepo ukatoka kwa mshindo, ukammwagia usoni mavumbi, makapi na maganda yote yaliyobaki kwenye mabomba. Alikaa pale amekuwa mweupe kama mtu aliyetoka kusaga, na chini ya weupe ule alikuwa anacheka. Fundi alieleza kwamba feni ilipokuwa imebanwa iliunguza rezista, kile kidude kinachopunguza nguvu kwenye namba ndogo. Ya nne haipiti huko, inapokea umeme wake wote moja kwa moja. Rezista ya gari lile Garsen nzima haikuwepo, na Jumatatu ilikuwa keshokutwa.

"Ya nne itamfikisha," Fundi alisema. "Mkiingia vumbi, vuta hiki kifungo, hewa ya ndani izunguke, ya nje isiingie. Na mama yako avae nguo nzito."

Kabla hatujaondoka alikata kipande cha wavu wa waya, akakifunga juu ya yale matundu chini ya waipa, akakaza. Alinitazama tena. "Sasa huyu amefungwa mdomo," alisema kwa sauti ya chini, kisha akarudi kwenye chai yake.

Jumatatu alfajiri tulimchukua Bibi. Mama alimkalisha nyuma pamoja na mimi, amevaa leso tatu na sweta la Baba, na juu ya yote shuka la zahanati. Baba akafunga madirisha, akawasha. Gesi ilikuwa imejazwa tele na yule kijana, na feni ilikuwa haijui namba nyingine, kwa hiyo Bibi wa Golbanti, mwanamke wa joto la Tana tangu kuzaliwa, alipigwa na baridi ya ajabu. Leso zilipepea. Akauliza kama Baba anaweza kuliambia gari lipunguze hasira. Baba akapiga kelele kujibu kwamba limesoma hadi namba nne, nyingine zote limezisahau.

Kwenye ile barabara ya udongo tulijikuta nyuma ya lori. Vumbi likatufunika hadi kioo cha mbele kikawa chekundu, Baba akavuta kile kifungo, na Mama akageuka kumwangalia Bibi kifua. Feni ikaanza ile kwikwi yake. Sisi watatu tuliacha kupumua kabisa, wakati Bibi peke yake ndiye aliyekuwa anapumua vizuri. Ikalia, ikalia, ikajisafisha koo, ikaendelea. Vumbi lilibaki nje. Nilimtazama Bibi akivuta hewa ile kwa pua, ametulia, na sikuweza kuvumilia tena.

Kelele za feni zilikuwa nyingi kiasi kwamba waliokaa mbele hawakuweza kusikia kitu. Nikasogea, nikafungua leso ya kwanza, ya pili, hadi nikalipata sikio lake, nikamwambia yote. Mpunga, mara mbili. Maji ya chumvi na sukari, vikombe viwili. Panya. Nikamwambia nilidhani hakulipa gari limbuko kwa kuwa hakuliona, na kwamba nilitaka kuwa macho yake, na kwamba anisamehe. Nililia kwenye leso zake hadi zikalowa.

Mwili wake ukaanza kutetemeka. Ukatetemeka zaidi, akainama mbele, akatoa sauti nyembamba, na Mama akapiga yowe Baba asimamishe gari, kifua kimembana. Bibi akainua mkono. Hakikuwa kifua, alikuwa anacheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka kwenye yale macho yaliyofifia, na alipoulizwa kuna nini, alisema mtoto anamsimulia mambo ya shule. Mkono wake ulinishika chini ya shuka na haukuniachia hadi Malindi.

Macho alifanyiwa upasuaji, moja kwanza, la pili baadaye. Siku ya kufunguliwa bandeji nilikuwepo. Alipepesa, akaangalia dirisha kwa muda mrefu, akaangalia mikono yake mwenyewe na kusikitika jinsi ilivyozeeka, kisha akanigeukia mimi. Akanishika uso kwa viganja viwili kama kawaida yake, lakini safari hii hakupapasa. Aliangalia tu. Nilisubiri aseme mimi ni mbaya. Hakusema. Nilifurahi hadi nikaona aibu.

Rezista ilipatikana baadaye, kutoka kwa gari lililokufa, na namba zote nne zikarudi. Siri yetu iliendelea kulala. Mwaka mzima ulipita, mpunga ukaiva, tukavuna, gari likabeba safari zake, na Bibi akapika limbuko na kutugawia uani. Mwishoni alichukua mpunga mbichi kwenye kiganja na kushuka mtoni. Nilinyoosha mkono nimwongoze, akanipita. Alitembea mwenyewe, moja kwa moja, akafika kichwani mwa mtumbwi bila kuugusa na kudondosha. "Naye amebeba."

Kiganja kilikuwa bado kina punje. Akapanda ukingo hadi lilipo gari, akasimama mbele yake, akaliangalia kutoka taa hii hadi taa ile, kama mtu anayetafuta mlango. Baba alikuwa anafunga magunia nyuma. Akauliza mama yake anatafuta nini.

"Mke mwenzangu," Bibi akaniita kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, "njoo unionyeshe gari linakula wapi. Mimi sasa naona, lakini hapo ulipolilisha mwaka jana sijawahi kupajua."

Baba aliacha kamba. Alinitazama mimi, akatazama ule wavu wa waya chini ya waipa, akanitazama tena, na niliona hesabu ikijipanga kichwani mwake hatua kwa hatua, mpunga, sisimizi, kile kilichonata, hadi ikatoka jibu. Nilikuwa tayari kukimbia.

"Limefungwa mdomo, Bibi," nikasema. "Fundi alilifunga."

"Basi halili kwa mdomo." Akainama kwa shida, akaniwekea nusu ya mpunga wake mkononi, na nusu akaudondosha juu ya gurudumu la mbele. "Tulipe miguuni. Si miguu ndiyo iliyonipeleka?"

Nikalizunguka gari nikafanya hivyo hivyo upande wa pili. Nilipoinua kichwa, Baba alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma na konzi yake ya mpunga, anaangalia huku na huku kama kuna mwanafunzi yeyote anamwona.